Motokaa Yenye Pumzi Fupi: Kutia Tabo na Gia za Mkono

Wengi wetu hapa shuleni hupenda kuzungumza habari za motokaa jioni, baada ya chakula na kabla kengele ya kujisomea haijalia. Huyu husema hivi na yule husema vile, na mara nyingi mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye. Nami nilikuwa mmoja wao, hata likizo ya Desemba iliyopita nilipokwenda kukaa kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari hapa Dodoma, upande wa Kizota. Huko nilishiriki katika kazi moja kubwa, nayo ni kuigeuza motokaa isiyo na tabo na yenye gia za otomatiki, iwe motokaa yenye tabo na gia za mkono. Nimeona vema niwaeleze kazi hiyo, kwa sababu ndani yake mna masomo yetu ya Fizikia na Kemia. Tena nilifanya kosa moja ambalo nisingependa mwenzangu yeyote alirudie.

MOTOKAA YENYEWE

Motokaa hiyo ni Toyota Mark II ya umbo la GX110, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000 na ambayo imejaa katika miji yetu. Injini yake huitwa 1G-FE. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 1,988. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 160.

Mwenyewe ni mzee mmoja anunuaye alizeti. Kila juma husafiri kutoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida, akichukua watu wanne na mizigo kidogo. Waijuao njia hiyo wanajua kwamba ukiisha kupita Bahi na Kintinku, barabara huupanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Manyoni. Mzee alilalamika ya kuwa hapo motokaa yake hutweta kama punda aliyebebeshwa magunia mawili, na akiwa nyuma ya lori refu hathubutu kulipita. Tena gia boksi yake ya otomatiki ilikuwa imeanza kuteleza; injini hulia sana lakini magurudumu hayafuati. Kwa kuwa ilimpasa kununua gia boksi nyingine kwa vyovyote, alimwuliza mjomba kama haiwezekani kuiongezea motokaa nguvu papo hapo na kuiwekea gia za mkono.

Mjomba akamjibu, "Yawezekana, mzee wangu, lakini si kazi ya kuongeza kitu kimoja. Ukibadili kimoja utabadili kumi."

Wakati ule niliyasikia maneno hayo kama maneno ya fundi atakaye fedha. Sasa najua kwamba ndiyo somo lote.

KWA NINI INJINI HUPUNGUKIWA NGUVU HUKU KWETU

Injini ya petroli haili petroli peke yake. Hula petroli na hewa, na hewa ndiyo nyingi zaidi. Gramu moja ya petroli yataka karibu gramu 15 za hewa ili iungue vizuri. Basi lita moja ya petroli, ambayo uzito wake ni karibu robo tatu ya kilo, yataka karibu kilo 11 za hewa. Ukimimina petroli zaidi bila kuongeza hewa, ile iliyozidi haitaungua, bali itatoka nyuma kama moshi mweusi. Kwa hiyo nguvu ya injini hupimwa kwa hewa iwezayo kuivuta.

Sasa tuangalie hewa yetu. Pwani, msukumo wa hewa ni kiasi cha kilopaskali 101. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hapa msukumo huo hushuka hata kuwa kiasi cha kilopaskali 89. Silinda ni ile ile na pistoni ni ile ile, lakini kila inapovuta pumzi hupata hewa pungufu kwa kiasi cha sehemu moja katika nane. Tukiacha habari ya joto, injini ya farasi 160 ikifika Dodoma hubaki na kama farasi 140. Singida mjini, karibu mita 1,500, hupoteza karibu sehemu moja katika sita. Kumbe yule mzee hakuwa akiisingizia motokaa yake. Kila apandapo, farasi kadhaa hushuka njiani.

TABO NI NINI

Tabo ni pampu ya hewa izungushwayo na moshi wa injini. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika shafti moja. Moshi utokao katika silinda, badala ya kupotea bure katika ekzosi, huligonga gurudumu la kwanza na kulizungusha. Gurudumu la pili, kwa kuwa liko katika shafti ile ile, huzunguka pia, likavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Mwendo wake ni wa kushangaza, kwani huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Shafti hiyo huelea juu ya oili nyembamba itokayo katika injini. Oili ikikosekana hata kwa muda mfupi, tabo huharibika.

Aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905 ni mhandisi Mswisi, Alfred Büchi. Lakini habari iliyonifurahisha zaidi ni ya mwaka 1918 huko Marekani. Mhandisi Sanford Moss aliichukua injini ya ndege iitwayo Liberty, akaipandisha juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha karibu mita 4,300, ili kuijaribu penye hewa nyepesi. Chini, injini ile ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 350. Kule juu ilishuka hata ikawa na kiasi cha 230. Ilipofungwa tabo, ilipanda tena ikapita 350. Yaani tabo iliirudishia injini kile ilichonyang'anywa na mlima. Hapa kwetu Afrika Mashariki pia jambo hilo lilionekana. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1984 Toyota Celica yenye tabo iliyashinda, ikayashinda tena mwaka 1985 na 1986, na sehemu kubwa ya njia zake ilikuwa katika nchi ya juu.

NJIA MBILI

Kwanza nilimwuliza mjomba, "Mbona tusinunue tabo peke yake, tukaifunga katika injini iliyopo?"

Hakunijibu. Alinionyesha pistoni iliyoning'inizwa kwa waya ukutani. Juu yake palikuwa na tundu la kuingiza kidole, na kingo za tundu zilikuwa zimeyeyuka kama nta. Akasema, "Huyu naye aliuliza hivyo hivyo."

Sababu ni hii. Ukiifunika kwa kidole ncha ya pampu ya baiskeli na kusukuma, utaona pampu inapata joto, maana hewa ikishindiliwa hupata moto. Injini ya 1G-FE huishindilia hewa mpaka ujazo wake unakuwa sehemu moja ya kumi ya ule wa kwanza. Kiasi hicho chafaa kwa hewa iingiayo yenyewe. Lakini ikiwa hewa imekwisha kushindiliwa na tabo, kisha ikashindiliwa mara kumi tena, joto lake huzidi mno, na petroli huweza kulipuka yenyewe kwa wakati usio wake. Mafundi husema injini inagonga. Mgongo huo husikika kama kokoto ndani ya mkebe, na ukiendelea huvunja pistoni. Injini zilizotengenezwa kwa ajili ya tabo huwa na pistoni zilizofanyizwa kushindilia kiasi kidogo, na hupuliziwa petroli zaidi.

Njia ya pili ndiyo tuliyoifuata, nayo ni kuitoa injini ile na kutia nyingine iliyozaliwa na tabo yake. Kiwanda cha Toyota chenyewe kiliuza umbo lile lile la Mark II likiwa na injini iitwayo 1JZ-GTE na gia tano za mkono. Injini hiyo nayo ni ya silinda sita, ina ukubwa wa sentimita za ujazo 2,491, na hushindilia mara tisa tu. Nguvu zake ni farasi 280. Kwa hiyo hatukuwa tukivumbua kitu. Tulikuwa tukifuata nyayo za kiwanda, na mjomba asema hiyo ndiyo hekima ya fundi maskini: pita palipokwisha kupitwa.

KWA NINI GIA ZA MKONO

Gia za otomatiki si mbaya, wala si kweli kwamba haziwezi kukaa na tabo, kwani kiwanda kiliiuza injini hiyo ya tabo na gia za otomatiki pia. Lakini gia boksi iliyokuwamo ndani ya motokaa ya mzee ilitengenezwa kwa ajili ya injini ndogo. Nguvu ya kuzungusha ya 1G-FE ni kama newtoni-mita 200, na ya 1JZ-GTE ni kama 378. Kuifunga injini mpya kwenye gia boksi ya zamani ni sawa na kumpa mtoto mzigo wa mtu mzima, tena mtoto mwenyewe mgonjwa.

Kuna sababu nyingine. Ukuta wa Bonde la Ufa hupandwa na pia huteremkwa. Dereva mwenye gia za mkono aweza kuchagua gia ndogo na kuiacha injini imzuie katika mteremko, breki zisipate moto kupita kiasi. Gia boksi tuliyoitafuta huitwa R154, na kwa kuwa mafundi wengi huitafuta, ni adimu na bei yake si ndogo. Injini na gia boksi vilipatikana Dar es Salaam, vikaja Dodoma juu ya lori vimefungwa turubali.

KAZI YENYEWE

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Nitaieleza kwa kufuata hatua zake.

Kwanza, tulitoa betri, tukamwaga oili na maji, tukaandika kila waya kwa karatasi ya gundi kabla ya kuukata au kuuchomoa. Kuandika nilipewa mimi, kwa sababu mwandiko wangu wasomeka. Kisha injini ya zamani na gia boksi yake vilinyanyuliwa kwa cheni bloku.

Pili, tulifungua pedeli. Motokaa ya otomatiki ina pedeli mbili, na ya breki ni pana. Tulitia pedeli tatu, tukatoboa bati lililo kati ya injini na dereva ili kupitisha masta silinda ya klachi. Sakafuni nako ilibidi kukata bati kidogo ili rungu la gia litokeze mahali pake.

Tatu, tuliitayarisha injini mpya. Kwa kuwa ilitoka katika gari la otomatiki, haikuwa na flaiwili wala klachi, basi vyote hivyo vilinunuliwa mbali. Ilipasa pia kutia beringi moja ndogo, ambayo nitaieleza mbele.

Nne, injini na gia boksi viliingizwa na kufungwa. Propela shafti ya zamani haikulingana kwa urefu na gia boksi mpya, ikapelekwa kwa mchonga vyuma ikakatwa, ikaungwa, ikasawazishwa. Shafti isiyosawazishwa hutetemesha gari lote.

Tano, mambo ya hewa na joto. Hewa itokayo katika tabo huwa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo tabo huharibu kwa mkono mmoja kile ijengacho kwa mwingine. Dawa yake ni intakula, ambayo ni kama rejeta, lakini ndani yake hupita hewa ya injini badala ya maji. Tuliifunga mbele, penye upepo. Rejeta ya maji nayo ilibadilishwa, ikatiwa kubwa zaidi, na ekzosi ikawekwa pana. Pampu ya petroli ndani ya tangi ilibadilishwa pia, kwani hewa ikiongezeka na petroli sharti iongezeke.

Sita, waya. Hapa ndipo palipotuchosha. Injini ya siku hizi huongozwa na kompyuta yake, ambayo mafundi huiita kontroboksi. Kontroboksi ya otomatiki huitafuta gia boksi yake, na isipoiona huwasha taa ya hitilafu. Tulitafuta ya gia za mkono. Tena motokaa ya otomatiki haikubali kuwaka mpaka rungu liwe kwenye P au N. Rungu hilo likiondolewa, waya wake hukaa bila jibu, na stata hainguruki. Tulizunguka nusu siku tukidhani stata ni mbovu, kumbe ni waya huo tu. Mjomba aliuunga kwenye swichi ya pedeli ya klachi, hata sasa motokaa haiwaki mpaka klachi ikanyagwe.

Saba, breki. Mzee alitaka zibaki za zamani ili apunguze gharama. Mjomba alikataa katakata. Alisema, "Siwezi kumpa mtu miguu ya kukimbia nikamnyima ya kusimama." Zikafungwa breki kubwa za motokaa ile ya tabo.

BERINGI NDOGO

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nyuma ya injini, katikati ya mwisho wa krankishafti, mna tundu. Katika injini ya otomatiki tundu hilo halina beringi. Katika motokaa ya gia za mkono hutiwa humo beringi ndogo, ambayo mtu aweza kuifumbata katika kiganja. Kazi yake ni kuishika ncha ya shafti itokayo katika gia boksi. Isipokuwapo, shafti ile haina mshiko mbele. Itacheza, klachi haitaachia sawasawa, gia zitakwaruza, na mwisho beringi kubwa ya gia boksi itakufa.

Siku ya nane, alasiri, mjomba alinipa beringi hiyo na kuniambia, "Mpwa wangu, hii ni kazi yako. Itie kabla hatujafunga klachi." Nikaipokea. Mara ikaanza mvua, moja ya zile za kwanza za Desemba ambazo huku hutanguliwa na upepo na vumbi jekundu. Sote tulikimbia kufunika injini na kuingiza vyombo ndani. Beringi niliitia katika mfuko wa ovaroli. Mvua ilipokatika, vijana wawili wa gereji walishika klachi wakaifunga, nami nikawapa spana walizoziomba. Jua lilipokuwa likichwa, gia boksi ilikuwa imekwisha pandishwa na bolti zote zimekazwa. Mjomba alifurahi kwamba tulikuwa mbele ya saa. Alimpigia mzee simu, akamwambia kwamba kesho kutwa asubuhi aje na ataikuta motokaa yake imewaka.

Usiku nilipokuwa nikiifua ovaroli, mkono wangu uligusa kitu kigumu.

Ndugu wasomaji, nitawaambia kweli. Nilikaa juu ya ndoo kwa muda mrefu beringi ikiwa mkononi. Hakuna aliyejua. Mjomba alikuwa amelala. Pengine motokaa ingewaka na kwenda bila kelele siku za kwanza, nami ningekuwa nimerudi shuleni. Nilijaribu hata kujiambia kwamba kitu kidogo kiasi kile hakiwezi kuwa na maana kubwa. Lakini kila nilipofikiri hivyo niliuona ule mlima baada ya Kintinku, na mzee na watu wake wanne, na lori nyuma yao, na gia inayokataa kuingia.

Nikaenda kugonga mlango. Nilisema, "Shikamoo mjomba. Samahani kukuamsha. Hii nimeisahau mfukoni."

Aliitazama beringi, akanitazama mimi. Hakunipiga wala hakunitukana, na ningeona afadhali angefanya hivyo. Alivaa viatu akasema, "Lete taa."

Tulianza kuifungua gia boksi saa nne usiku. Vijana wake walikuwa wamekwenda kwao, kwa hiyo tulikuwa wawili tu na jeki mbili, na gia boksi ya chuma haijui kwamba aliye chini yake ni mwanafunzi. Tulipoishusha, tulifungua klachi, tukaitia beringi kwa kuigonga polepole na kipande cha bomba, kisha tukaanza kurudisha. Tulimaliza kufunga saa tisa usiku. Mjomba alisema neno moja tu: "Ni afadhali mimi nikose usingizi leo, kuliko mzee akose gia kesho mlimani."

Kwa ajili ya uchovu, kazi ya waya ilichelewa siku nzima, na mzee alikosa siku moja ya kununua alizeti. Mjomba aliniagiza nimweleze sababu mimi mwenyewe. Nilimweleza nikitazama chini. Mzee aliomba aonyeshwe beringi ya zamani ya mfano ule, akaigeuzageuza, akauliza, "Kitu kidogo namna hii?" Kisha akasema, "Umeniambia kabla sijaondoka. Waniambiao kabla sijaondoka ni wachache."

KUIWASHA NA KUIJARIBU

Motokaa yenye tabo haiwashwi mara ya kwanza kama taa. Tuliondoa fyuzi ya petroli, tukazungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika, ili oili ifike kwanza kwenye shafti ya tabo. Ndipo tuliporudisha fyuzi. Iliwaka kwa mara ya pili, ikanguruma taratibu. Tuliiacha ipate moto, tukatafuta mahali panapovuja, tukapata mpira mmoja wa maji ambao haukukazwa.

Siku ya kumi na moja mzee, mjomba na mimi tulikwenda Manyoni. Katika nchi tambarare ya Bahi mjomba aliendesha polepole, akisikiliza. Tulipofika mlimani tulilikuta lori refu likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mjomba alingoja mpaka barabara ikaonekana wazi mbele, akatia gia ya tatu, akakanyaga. Nilisikia mluzi mwembamba mbele yetu, nayo ilikuwa tabo yenyewe, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Tukalipita lori na kurudi upande wetu kabla sijamaliza kuhesabu sita. Gia ziliingia laini kama kisu katika siagi. Sidhani kama kuna mtu aliyeusikiliza ulaini huo kwa makini kama mimi.

Wakati wa kurudi tuliteremka kwa gia ya tatu, breki zikiguswa mara chache tu. Mzee alikuwa kimya, kisha akacheka peke yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Msidhani kazi hii ni ya faida tupu. Motokaa ile sasa hula petroli zaidi kuliko zamani, tena dereva akikanyaga hovyo hula zaidi sana. Kwa mtu aendaye sokoni na kurudi, injini ya kwanza ilitosha, na mjomba huwaambia hivyo wateja wengi, wakaenda zao na fedha zao. Aliye na haja ya kweli naye akumbuke haya:

(a) Vumbi la Dodoma ni adui wa tabo. Kichujio cha hewa kisafishwe au kibadilishwe mapema, maana chembe ya mchanga ikiligonga gurudumu linalozunguka mara 100,000 kwa dakika huwa kama risasi.

(b) Oili iwe nzuri na ibadilishwe kwa wakati. Baada ya kupanda mlima, injini iachwe ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili tabo ipoe huku oili ikipita.

(c) Kadi ya motokaa imeandikwa namba ya injini na ukubwa wake. Injini ikibadilishwa, mwenyewe hana budi kupeleka habari kwa Mamlaka ya Mapato ili kadi isahihishwe, na motokaa ikaguliwe na askari wa usalama barabarani. Watu wa bima nao waambiwe. Motokaa ya mzee ilipelekwa juma lile lile.

(d) Nguvu haiondoi sheria za mwendo wala macho ya dereva.

Nimalizie kwa kurudi kwenye maneno ya mjomba. Tulitaka kuongeza hewa tu. Hewa ikataka petroli, petroli ikaleta joto, joto likataka intakula na rejeta, nguvu ikataka klachi na gia boksi, mwendo ukataka breki, na breki, klachi na gia boksi vyote vikangoja beringi moja iliyokuwa katika mfuko wa mwanafunzi. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee wetu. Nami nimejifunza kwamba haba moja ikipungua, kibaba hakijai.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Injini isiyo na tabo ina nguvu za farasi 120 pwani. Ikiwa Dodoma hupotea sehemu moja katika nane, itabaki na farasi wangapi? Ikifika Singida, penye kupotea sehemu moja katika sita, je?

2. Kwa nini hewa ipozwe baada ya kutoka katika tabo na kabla ya kuingia katika injini? Jibu kwa kutumia pampu ya baiskeli kama mfano.

3. Petroli gramu 300 zataka gramu ngapi za hewa, ikiwa kila gramu moja yataka gramu 15?

4. Eleza kwa nini ni hatari kufunga tabo katika injini ishindiliayo mara kumi bila kubadili kitu kingine.

5. Beringi ndogo isahauliwapo, ni sehemu zipi za motokaa zitakazoumia, na kwa utaratibu gani?

Atakayekosa swali la tano na anione bwenini, nitamwonyesha beringi yenyewe. Mjomba alininunulia nyingine ya mfano ule, nami huiweka ndani ya mkebe wangu wa kalamu.